Amri ya Kutosimama

Jumanne moja, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa nyuma ya gesti moja ya Kitengela, nachambua mchele. Upepo ulikuwa unatoka Athi River na vumbi la simiti, kama kawaida, na punda milia watatu walikuwa wanakula majani kwenye ploti ya jirani aliyeinunua ili ajenge na hajajenga mpaka leo. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, cheti cha Kidato cha Nne chenye alama ambazo sitazitaja, na sifa moja mjini: Mmaasai anayepika chapati. Wajomba zangu wa Kajiado walisema hata ng'ombe wakiniona wananionea huruma.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nasema mapema ili anayetafuta shujaa aache kusoma hapa. Kabla ya mambo haya, safari yangu ndefu kuliko zote ilikuwa Loitokitok, kumzika shangazi, na nililalamika kwenda na kurudi.

Gesti ilikuwa imekodishwa na shirika la kigeni lililopatanisha watu waliokuwa wakipigana. Wageni wetu walikuwa wapiganaji sita kutoka nchi ya jirani. Nchi yenyewe sitaitaja. Niko na marafiki huko, na bado wanataka kuishi. Walikuja na mashati mapya yenye mikunjo ya dukani, na walikula kama watu ambao hawajui kesho kama kutakuwa na jikoni. Mkuu wao aliitwa Evarist. Zamani alikuwa mwalimu, na akicheka alifunika mdomo kwa mkono kama mtoto aliyekatazwa. Siku ya pili aliingia jikoni kuniuliza kwa nini naogopa pilipili. Siku ya tatu nilikuwa nimemfundisha kusema "Supa" na kujibu "Ipa". Nikamweleza kwamba kwetu salamu haiishii hapo: mnasimama, mnapeana habari, mvua, mifugo, nani mgonjwa, nani amejifungua, halafu ndio jambo lenyewe linakuja. Mtu akikupita bila kusimama, ama anaumwa ama mna kesi.

Mpatanishi alikuwa mzungu mrefu, Henrik, aliyekula kwa mkono kutoka sinia moja na hao wapiganaji. Kila siku aliwaambia yale yale: ingieni kwenye uchaguzi, mkishinda kwa kura dunia itawaheshimu.

Karatasi zote za shirika zilitunzwa na Habiba. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mifugo aliyetoka Mandera, na mama yake alikuwa na duka kando ya barabara ya Namanga, sukari upande mmoja na vitambaa upande wa pili. Habiba alikuja jikoni kwa chai, lakini zaidi alikuja kunisumbua.

"Wewe Lemayian, ukiendelea kukaa hapa utaoa sufuria."

"Sufuria haina kelele."

"Haina? Hiyo yako naisikia mpaka ofisini."

Nilimwongezea chai. Nilikuwa na majibu mengi sana, na yote yalikuja baada ya yeye kutoka.

Miaka miwili baadaye uchaguzi ulifanyika, na wale wapiganaji wakashinda baraza la jimbo lao. Walishinda vizuri, hata Henrik alisema masanduku yalikuwa safi. Shirika likahamishia ofisi kwenye mji mkuu wa jimbo hilo, mji wa udongo mwekundu wenye daraja moja tu la kutokea. Habiba akakubali kwenda. Na mimi nikaenda. Sababu nilizoandika kwenye fomu zilikuwa nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kweli.

Wiki tatu baada ya Evarist kuapishwa mwenyekiti wa baraza, Henrik alituita mezani akatusomea barua kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nchi zinazotulipa zilikuwa zimeamua. Mpaka chama cha kina Evarist kitangaze kuacha silaha kabisa, hatutakutana na viongozi wake, hatutawaandikia, wala hatutapokea karatasi yoyote yenye muhuri wa baraza lao. Mtu yeyote wa shirika, kuanzia mkuu mpaka mfagizi.

Nikainua mkono kama mwanafunzi. "Na nikikutana na Evarist sokoni? Nimsalimie?"

Henrik aliangalia barua, akaigeuza upande wa nyuma. Nyuma hakukuwa na kitu.

"Msalimie," akasema. "Lakini usisimame."

Habiba alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. "Yaani walipokuwa na bunduki peke yake tuliwachinjia mbuzi. Sasa wako na bunduki na kura, hata chai hapana."

"Habiba, mimi sikuandika hii."

"Najua, bwana. Aliyeiandika hajawahi kufika hapa. Ndio maana imenyooka hivyo."

Sasa nitaeleza vile vita vilirudi, kwa kadiri mpishi anavyojua. Serikali ya nchi ile iliona wageni wamewageuzia washindi mgongo, ikakataa kuwakabidhi ofisi. Fedha za jimbo zikafungwa. Walimu wakakaa bila mshahara, hospitali bila dawa. Vijana waliokuwa wamerudi kulima wakarudishiwa bunduki, kwa sababu hakukuwa na kazi nyingine ya kuwapa. Jeshi likapanga mizinga kwenye vilima. Evarist alikuwa anatafuta mtu wa kuongea na jeshi kwa niaba yake, na mtu huyo alikuwa Henrik, na Henrik aliishi mtaa wa pili na haruhusiwi kumjua.

Hapo ndipo nilipopata cheo. Asubuhi Henrik alikuja jikoni akasema, "Lemayian, vitunguu vimekwisha." Havikuwa vimekwisha. Kisha akaongea na dirisha: ingekuwa vizuri kama mtu fulani angejua kwamba jeshi liko tayari kungoja mpaka Ijumaa. Mimi nilikwenda sokoni, na kwenye kibanda cha vitunguu Evarist alikuwa amesimama akichagua kitunguu kimoja kwa nusu saa. Kwa kuwa sikuruhusiwa kusimama, nilizunguka kibanda kile polepole kama mbwa anayetafuta pa kulala, nikiongea na hewa. Yeye alijibu akiongea na mizani. Mama muuzaji alituona wote wawili wagonjwa. Miezi minne tulikula vitunguu vingi kuliko Kimana nzima wanakovilima, na miezi minne mizinga haikulia.

Mtu mmoja akaandika habari zetu mahali fulani. Makao makuu yakatuma mkaguzi, kijana wa viatu visafi. Aliniita, akaniuliza jina langu kwa upole, akaniambia nikionekana tena na mtu wa baraza kazi yangu itakwisha, na ofisi nzima itafungwa kwa ajili yangu. Sijawahi kuwa mtu muhimu hivyo. Niliogopa kwa namna ya mtoto wa shule.

Vitunguu vikakoma. Baada ya wiki mbili mizinga ikaanza.

Tukaamriwa kuondoka. Gari la kwanza lingebeba Habiba, dereva na faili za ofisi, kesho yake asubuhi. Mimi na Henrik tungefuata mchana, tukishafunga stoo. Shida ilikuwa daraja. Lililindwa na vijana wapya wa chama, waliotolewa vijijini juzi, wasiotujua, wanaoogopa majasusi wa jeshi. Gari lisilo na karatasi yenye muhuri wa baraza halikuvuka. Evarist alikuwa tayari kutoa karatasi hiyo. Henrik alipiga simu makao makuu mara tatu kuomba tuipokee, na mara tatu akajibiwa kwamba kupokea muhuri ni kukubali serikali ya wenye muhuri. Jaribuni kuwaeleza pale pale darajani, wakasema.

Akaja jikoni.

"Lemayian, vitunguu vimekwisha."

Gunia lilikuwa kati yetu, limejaa mpaka mdomoni.

"Kabisa," nikasema.

Nilifika sokoni saa nne. Nusu ya vibanda vilikuwa vimefungwa. Evarist alikuwa mahali pake, shati jeupe, mkono juu ya mfuko wa kifua. Na hatua chache nyuma yake, kijana wa viatu visafi alikuwa ananunua ndizi za safari.

"Lemayian! Supa!"

"Ipa," nikajibu, na miguu ikaendelea.

"Simama kidogo, ndugu yangu."

Sikusimama.

"Lemayian!"

Niliingia uchochoro wa mafundi cherehani. Nilikuwa nimejipangia: nizunguke, ningoje mkaguzi amalize ndizi zake, nirudi. Nilijiona mjanja kweli. Nilisimama nyuma ya nguo zilizotundikwa, nikimchungulia mkaguzi akichagua ndizi.

Kombora la kwanza lilianguka nyuma ya kanisa.

La pili lilianguka karibu.

Nililala chini. Nilipoinua kichwa, kibanda kilikuwa kimepinduka na Evarist hayuko.

Nilirudi ofisini mikono mitupu. Henrik alikuwa amesimama mlangoni.

"Sikumpata," nikasema.

Aliniamini. Ndio uongo wa kwanza mkubwa niliosema maishani, na ulikubaliwa bila swali, kwa sababu hakuna anayemshuku mpishi.

Saa moja asubuhi Habiba alifunga mtandio wake, akapanda mbele.

"Nitawaambia sisi ni wageni wa Evarist," akasema. "Na wewe usichelewe kwa kupangusa sufuria."

Dereva alitusimulia yaliyobaki.

Kijana wa darajani aliomba karatasi. Habiba akateremsha kioo, akamwambia wanatoka kwa mwenyekiti. Kijana akasema muhuri. Habiba akaanza kumweleza.

Mzinga ukalia kilimani.

Kijana akashtuka, akafyatua.

Risasi moja. Dereva ana hakika ilikuwa moja, kwa sababu alikuwa anangoja ya pili.

Mchana huo huo mimi na Henrik tulivuka. Vijana walikuwa wamekimbia. Hakukuwa na mtu wa kuomba karatasi yoyote. Gari lilikuwa limesukumwa kando ya barabara.

Waislamu wa kijiji cha ng'ambo walikuwa wamempokea Habiba, wanawake wakamwosha, na alasiri wakamzika. Mimi nilisimama nyuma kabisa, kando ya ua, kwa sababu sikujua dua na hakuna aliyejua mimi ni nani wake. Mwanamume mmoja aliniuliza, "Ndugu?" Nikasema hapana. "Mume?" Nikasema hapana. Akangoja kidogo nimwambie ni nini basi, halafu akaenda.

Nilirudi Kitengela. Ploti nyingi zilikuwa zimejaa nyumba, wajomba walikuwa wameuza mashamba na kununua magari, na mimi nilipata kazi ya kupika kwenye shule. Niliishi chumba kimoja na redio. Jioni nilisikiliza habari za nchi ile: leo mapigano, kesho mazungumzo. Mwaka fulani nchi zile zinazolipa zilichoka, zikatangaza kwamba sasa zitaongea na chama kile. Nilisubiri kusikia kilichobadilika. Bunduki walikuwa nazo bado. Sharti lenyewe halikutajwa tena.

Evarist akawa waziri. Alipokuja Nairobi kwa mkutano, alituma gari linichukue. Tulikaa kwenye bustani ya hoteli, wazungu wakipita wakimpa mkono mmoja baada ya mwingine. Alikuwa amenenepa. Alisimama nilipofika, tukapeana habari zote, mvua, mifugo, watoto wake, mimi sina. Halafu jambo lenyewe likaja.

"Ile karatasi ilikuwa mfukoni," akasema. "Jina la Habiba niliandika kwa mkono wangu. Nilikuita, Lemayian."

"Nilisikia, Mwalimu."

Nilidhani atanyanyuka. Badala yake akafunika mdomo kwa mkono, na hakuwa anacheka.

"Ningeweza kukufuata," akasema. "Nilikuwa mwenyekiti. Niliona haya kumkimbilia mpishi sokoni, watu wananiangalia."

Hatukuongea tena juu ya hilo. Dereva wake alinirudisha mpaka mlangoni, na majirani wakanitania wiki nzima kwamba nimeteuliwa.

Mimi, hata hivyo, sikulala vizuri na huo msamaha wa nusu kwa nusu. Jumamosi nilikwenda kwenye duka kando ya barabara ya Namanga. Mama Habiba sasa haoni vizuri; ananitambua kwa kikohozi. Miaka yote alikuwa ameambiwa kwamba binti yake aliuawa na vita, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwambia hivyo. Nilikaa kwenye gunia la sukari nikamweleza soko lile, tangu mwanzo. Sikuruka mahali.

Alisikiliza akiwa anakunja kitambaa. Nilipomaliza, nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, na kusema kweli niliyatamani.

"Alikuita ukiwa umbali gani?" akauliza.

"Mama?"

"Huyo mwenye karatasi. Wewe ulikuwa wapi na yeye wapi?"

Nilitazama nje, nikatafuta kipimo. "Kama kutoka hapa mpaka kwa yule mama wa mitumba."

"Nipeleke."

Nikamshika mkono. Tulishuka ngazi ya duka, tukavuka mtaro, tukatembea mpaka kwenye meza ya mitumba. Alikuwa anahesabu hatua kwa Kisomali, chinichini. Sikumuuliza amefika ngapi. Yule mama wa mitumba akatuuliza tunataka saizi gani, na Mama Habiba akamwambia hatununui. Akageuka, akanitaka nimrudishe, na njia nzima hakuuachilia mkono wangu.