Manowari ya Kibuyu

Natamani ningemkatalia Safari, mtoto wa baba mdogo, aliponiambia nichukue kibuyu cha maziwa cha bibi kiwe manowari yangu. Nilikubali kwa furaha.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mchezo anaoubuni wa vita vya meli za angani. "Babu," akaniuliza, "meli kubwa moja, au ndogo nyingi?" Nikajiona niko tena mtoto kwetu Dirma, nachunga ndama.

Kibuyu tulikining'iniza kwa kamba kwenye tawi la mgunga. Kilinukia moshi, maana bibi alikisafisha kwa mkaa wa moto. Safari alikuwa na magunzi ya mahindi, ndiyo meli zake ndogo, na kila alilorusha alilingurumia kwa mdomo.

"Limeli lako limelala kama dume lililoshiba!" alinicheka.

"Subiri uone!"

Niliamini meli kubwa ni mvivu tu, kwamba ikisukumwa kwa nguvu itakwepa kama ndogo. Leo najua kitu kizito ni kigumu kukigeuza, hata anga za juu kusiko na upepo. Nilisukuma kwa mikono miwili huku nikipiga kelele. Kibuyu kikapaa vizuri ajabu, kikayapita magunzi yote, kikagonga shina na kupasuka.

Bibi alikuja nacho kutoka kwao alipoolewa. Hakunipiga. Aliokota vipande, akasema, "Usiingie tena ninapoweka maziwa." Nilipoteza imani yake, na hadi anafariki sikuipata tena.