Pembesaba ya Nizom

Sharofat, mshona kofia wa Bukhara, alipenda kuchora maumbo ya pande sawa kwa bikari na rula. Pembetano na pembesita alizimudu, ila pembesaba ilimshinda miaka yote. Ndiyo maana shemeji yake Nizom alipomletea moja, safi kabisa, hakuiamini.

“Umetumia kipimapembe wewe.”

“Bikari na rula tu. Acha wivu, shemeji, unywe chai.”

Chai hakuigusa. Alimpa kamba na chaki, akamtaka aichore upya uani, kubwa. Nizom akachora duara kwa kamba, akalizunguka akipima pande moja baada ya nyingine. Upande wa saba ukaishia upana wa kidole kabla ya alama ya kwanza.

“Kwenye karatasi tofauti hiyo haionekani,” Nizom akanung’unika.

Sharofat akashusha pumzi kuona kumbe ni ya kukadiria tu, akacheka, akaomba afundishwe ujanja huo.