Alganesh Atoka Kwenye Chenga

Hapa Gondar, deki ya mwisho inayopumua ni ya Yeshimebet. Nyingine zote kuku wanatagia ndani. Yeye hutia kanda kuukuu ya video huku, kule ikatoka sidii inayong'aa, na mimi jirani yake nimemwona akiinusa kanda na kutaja ni harusi ya mwaka gani. Usiponiamini, shauri yako.

Siku hiyo alikuja Bwana Tirfe, mgane, kanda kaifunga ndani ya shuka kama mtoto mchanga. Ni ya harusi ya binti yake, na ndani yake marehemu mkewe, Alganesh, anacheza ngoma ya mabega. Alganesh akitikisa mabega yale, makufuli ya jirani yalikuwa yanafunguka yenyewe. Picha nyingine anamocheka haipo. Tirfe alitaka mkewe aingie kwenye sidii kabla kanda haijakatika, mjukuu wake apate kumjua bibi yake.

Yeshimebet akaiwasha. Maharusi safi. Wazee wakabusiwa magoti, safi. Alganesh akaingia uwanjani, na chenga za picha mbovu zikamwangukia kama mvua ya mawe. Tukaona kiwiko, kisha chenga tupu.

Wa kwanza kulaumiwa nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nakaanga kahawa na kufukiza ubani karibu na deki. Nikafukuzwa na mkaa wangu hadi mlangoni. Yeshimebet akaifungua deki, akasugua kile kichwa cha ndani kinachosoma kanda kwa pamba na spiriti, na pamba ikatoka nyeusi kama sufuria. Chenga zipo palepale. Akazungusha kitufe cha kunyoosha picha kulia na kushoto. Akaipeleka kanda mpaka mwisho na kuirudisha mpaka mwanzo ili ijikaze upya. Wapi.

"Deki haiumwi," akasema. "Ingekuwa deki, hata maharusi wangekuwa na chenga. Baba, hii kanda huwa unaitazamaje?"

"Kila jioni. Akicheka tu, namsimamisha. Nakula naye."

Yeshimebet akapunguza sauti. "Picha ikisimama, baba, kichwa cha deki hakisimami. Kinaendelea kuzunguka, kinakwaruza palepale."

Tirfe akaitazama mikono yake.

Ndipo Yeshimebet akakumbuka kwamba mpiga picha wa harusi hutoa kanda mbili, ya pili huenda kwa wakwe. Tirfe akasema afadhali akamwombe fisi. Bafena, mama wa bwana harusi, alikuwa hajamsalimia tangu siku ile ya harusi, akidai Alganesh alimnyooshea mkono mbele ya watu na kumcheka. Mimi nilikuwa nimeshavaa viatu. Niliteremka mtaa ule nikazipita teksi mbili, dereva mmoja akaniomba lifti.

Bafena akasema kanda anayo, ila tusimtafutie maudhi. "Yule mwanamke akitokea tu, napeleka mbele. Sijamtazama hata mara moja."

Nikamwambia basi ndiyo kanda ninayoitaka. Akaileta mwenyewe kwa Yeshimebet, kaificha chini ya shela, maana hakutuamini. Akaketi mbali na Tirfe, kampa mgongo.

Kanda ikaanza. Bafena anapocheza yeye palikuwa chenga tupu, mtu akakohoa, na sikuwa mimi. Halafu akatoka Alganesh. Hana hata doa! Mabega yanaruka, shanga zinaruka, na naapa ukuta wa Yeshimebet ulitikisika. Tirfe alisimama bila kujua amesimama. Na taa ya mashine ya sidii inawaka, inameza kila kitu.

Kisha Alganesh akaunyoosha ule mkono. Kiganja kilikuwa juu, wazi. Anaita. Pembeni, Bafena wa siku ile anamgeuzia mgongo. Alganesh akaita tena, akicheka.

"Alikuwa ananiita tucheze," Bafena akasema.

"Usiku ule hakulala," Tirfe akajibu. "Aliniuliza amekukosea nini, mkwe."

Bafena akamtaka Yeshimebet asimamishe picha, tukamrukia wote watatu. Kanda ikaendelea mpaka mwisho, sidii ikatoka ya moto, ikarudishwa mashineni kujaribiwa. Alganesh akatoka tena, akanyoosha mkono.

Bafena akaiweka shela kando, akaenda mbele ya televisheni na mgongo wake mbovu, akayajibu yale mabega kwa mabega. Tirfe akapiga makofi mpaka viganja vikawa vyekundu, akamwambia Yeshimebet atengeneze sidii mbili.