Pedi za Mbio Kwenye Msafara wa Harusi

Ninauza spea za magari Ngamiani, na hakuna kinachotoka dukani kwangu kama pedi za breki. Mtu akija analalamika kwamba gari lake linalia kila akikanyaga breki, namhoji kidogo, namchagulia pedi, namwambia amsisitize fundi wake apake grisi mgongoni mwa pedi na si usoni, basi, anakwenda zake. Kwa hiyo mtaelewa furaha waliyokuwa nayo watu ilipojulikana kwamba gari linalopiga kelele kuliko yote mjini ni langu. Wengine walikuja dukani hawana haja ya kununua kitu. Wamekuja kusema "mganga hajigangi," wacheke, waondoke.

Gari lenyewe nililinunua kwa mtu wa Arusha aliyekuwa akilishindanisha kwenye mbio za barabara za vumbi. Ni dogo, la buluu, lina turbo, na likiamka asubuhi majirani wa Nguvumali nao wanaamka. Shangazi yangu, ambaye tunaishi kwake, alilitazama siku ya kwanza akaniuliza: "Mwanamke mzima, na ushungi wako kichwani, utaingia kwenye kitu hiki?" Nikamwambia ushungi uko kichwani, gari linaendeshwa kwa miguu. Hakucheka. Shangazi huwa anacheka kesho yake.

Yule mtu wa Arusha alikuwa amelifunga pedi za mbio. Pedi hizo si za mtu wa kwenda sokoni kununua mchicha. Zimechanganywa na chembe nyingi za chuma, na zimetengenezwa zishike zikiwa za moto. Ukizigusa kidogo tu nazo bado ni baridi, hazitulii juu ya diski, zinatetemeka upesi mno, na mtetemo huo ndio mlio unaousikia. Ni kama kulowesha kidole na kukizungusha kwenye mdomo wa bilauri. Ongeza na hewa yetu ya chumvi, ambayo kila usiku inaacha kijiutando cha kutu kwenye diski, utapata sauti ya kumtoa mtu kitandani.

Yote hayo niliyajua, na bado nilizipenda. Kwenye kona za kupanda milima ya Amani, ukikanyaga, gari linasimama kama limekumbuka kitu. Kila aliyenisema nilimjibu kwamba breki inayolia ndiyo inayoshika. Si kweli, na mie ningemcheka mteja yeyote ambaye angeniambia hivyo, lakini mtu akipenda chongo huita kengeza.

Kisha mdogo wangu akaposwa.

Huyu ni mdogo wangu wa pekee. Mama yetu alifariki yeye bado hajui kufunga kamba za viatu, na ingawa shangazi alitulisha sote wawili, aliyemsuka, aliyemkosha na aliyemvumilia alipokuwa na mdomo ni mimi. Mchumba wake alikuwa kijana wa Ngamiani, mpole, anayefanya kazi Mtwara. Baada ya fungate angemchukua waende huko. Mtwara! Nilitabasamu kila nilipoulizwa, nikasema mashallah, lakini moyoni nilitaka kitu kimoja tu: siku hiyo mimi ndiye nimfikishe. Asipelekwe na dereva wa kukodi. Nimtoe nyumbani kwa mikono yangu mwenyewe.

Kwetu si bibi harusi anayeamua atapanda nini, wala si dada yake. Anayeamua ni somo, yule mwanamke aliyemfunda, anayekaa pembeni yake njia nzima mpaka amkabidhi. Somo wa mdogo wangu alikuwa mama mmoja mnene, mwenye sauti ndogo na amri kubwa. Nilimpakia kwenye gari nimpeleke sokoni akanunue udi na asumini za kutungia vikuba vya kifuani, nikitumaini ataliona, atalipenda, mambo yaishe. Barabara za Ngamiani zimejaa baiskeli, kwa hiyo kila baada ya nyumba mbili nilikuwa nagusa breki. Gari likalia njia nzima. Mbuzi aliyekuwa amelala kivulini aliruka. Wazee waliokuwa barazani walishusha vikombe vya kahawa na kututazama tukipita, mmoja akasema kwa sauti, "Innalillahi."

Somo aliukumbatia udi wake mpaka tuliporudi. Aliposhuka akainama dirishani.

"Mwanangu, gari zuri. Lakini lalia kama mjane. Bibi harusi hapelekwi kwa mumewe na kilio cha mjane. Mjomba wako atakodi lile jeupe, kubwa, na wewe utafuata nyuma."

"Shikamoo, mama," nilimjibu, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

"Marahaba," akasema, na akaingia ndani.

Nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Nifuate nyuma! Kesho yake nililipandisha gari kwenye jeki uani nikaanza kazi. Nikatoa pedi, nikazipiga tupa kwenye pembe ili zisiingie kwenye diski na ukingo mkali. Nikasafisha kalipa inayozibana, nikapaka grisi isiyoogopa moto mgongoni mwa pedi, nikaweka vile vibati vyembamba vya kuzuia mtetemo ambavyo mafundi wetu wengi huvitupa wakidhani ni takataka za boksi. Kisha nikalipeleka Muheza na kupandisha Amani, nikikanyaga kwa nguvu kabla ya kila kona, mpaka harufu ya breki ikajaa ndani. Liliporudi mjini lilikuwa kimya kabisa. Niliimba njia nzima. Nilipiga honi nyumbani kwa somo makusudi.

Asubuhi, pedi zikiwa zimepoa, nikalitoa uani. Likalia kuliko jana.

Hapo ndipo nilipokubali nilichokuwa nikiwaambia wateja miaka yote. Pedi za mbio zinanyamaza zikiwa za moto, na hakuna kitu baridi kama msafara wa harusi. Mbele kuna gari la tarumbeta linatambaa. Juu yake kuna mpiga video amekaa kinyumenyume anakuonyesha mkono upunguze mwendo. Wanawake wanatembea pembeni wanapiga vigelegele. Unagusa breki, unaachia, unagusa, unaachia, saa nzima, hata joto la kuchemsha yai hulipati. Dawa ilikuwa moja, kuzitoa na kufunga pedi za kawaida, na pedi za kawaida zilikuwa zimejaa rafu nzima dukani kwangu. Lakini nilikataa. Nilijiambia nitatafuta njia nyingine. Nilikuwa mkaidi, na somo alikuwa mkaidi, na katikati yetu mdogo wangu amekaa anapakwa hina, ananiambia, "Dada, mie nitapanda hata mkokoteni, bora unasukuma wewe." Nilitoka nje nikajifanya natafuta spana.

Aliyetukata ukaidi ni shangazi.

Nyumbani kwa shangazi hakuna kitu kinacholia kikaachwa. Mlango wa msala ukilia, mafuta ya nazi. Cherehani, mafuta ya nazi. Mtoto wa jirani akikohoa, kifuani, mafuta ya nazi. Aliona ninavyohangaika, roho ikamuuma, na siku moja kabla ya harusi, mimi nikiwa bado nimelala baada ya Alfajiri, akachukua bakuli na pamba, akachuchumaa kila gurudumu, akapenyeza mkono, akapaka zile sahani zinazong'aa. Alipaka vizuri, kwa mapenzi, hakubakisha hata moja.

Mimi sijui hili wala lile. Nikawasha gari, nikarudi nyuma taratibu kuelekea geti, nikakanyaga breki. Gari halikusimama. Nikakanyaga zaidi, likaendelea kurudi kwa adabu, bila haraka, mpaka likajiegemeza kwenye mnara wa viti vya plastiki vilivyokodiwa kwa ajili ya wageni. Mnara ukaporomoka wote juu ya buti. Nikavuta breki ya mkono, nikashuka. Shangazi alikuwa amesimama mlangoni, bakuli mkononi, uso umemchangamka.

"Umesikia?" akasema. "Halikulia!"

Sikujua nicheke au nilie. Nilimkumbatia kwanza, kisha nikamweleza kwamba breki haifanani na bawaba. Bawaba unaitaka iteleze, breki unaitaka ikatae. Kama tungekuwa tumeshaingia barabarani, pengine siku hiyo tungekuwa tunazungumzia habari nyingine. Alikaa kwenye kiti kimoja kati ya vilivyoanguka, akashika kichwa, akasema, "Ningemuua mwanangu kwa nazi." Nikamwambia hajaua mtu, ameua pedi tu.

Na kweli zilikuwa zimekufa. Fundi jirani yangu wa Ngamiani aliniambia tuzichome kwa moto, mafuta yatatoka. Nilizinusa, zilinukia kama wali. Pedi ikishanyonya mafuta haiaminiki tena, na la kuvunda halina ubani. Nikazitupa. Ajabu ni kwamba sikuumia kama nilivyodhani. Nilienda dukani kwangu, nikanyoosha mkono kwenye rafu yangu, nikachukua pedi za kawaida, zile zile ninazomuuzia mwalimu na muuza samaki. Diski nilizisafisha kwa dawa ya breki mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikazipiga msasa kuondoa mabaki ya pedi za zamani, maana pedi mpya haipatani na masizi ya mwenzake. Pembe zikapata tupa, migongo ikapata grisi na vibati vyake.

Ikabaki kuzizoesha. Pedi mpya ukiifunga na kwenda nayo harusini hivyo hivyo, italia tu, kwa sababu haijalaliana na diski. Unatakiwa uende mwendo wa kutosha, ukanyage kwa nguvu mpaka ukaribie kusimama lakini usisimame, uondoke tena, urudie, kisha uendeshe bila kugusa breki mpaka zipoe. Nilikuwa nataka kutoka kuelekea barabara ya Pangani, mara somo akaja uani kuleta vikuba. Akauliza ninakwenda wapi. Nikamweleza. Akafungua mlango wa mbele, akapanda na buibui lake.

"Twende. Nataka kusikia kwa masikio yangu."

Nilipokanyaga mara ya kwanza alishika dashibodi akasoma dua yote anayoijua. Mara ya pili akasoma nusu. Tulipofika mbele kwenye minazi, ambako barabara imenyooka na haina watu, alikuwa amekaa vizuri, ushungi umesogea nyuma, macho mbele kama abiria wa ndege.

"Hebu tena," akasema. "Hapo ulikanyaga kidogo."

Tukirudi niliziacha breki zipoe, kisha nikapita mjini polepole, nagusa na kuachia mbele ya kila baraza. Kimya. Yule mzee wa innalillahi alinyanyua kikombe. Somo aliposhuka aliniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mwambie mjomba wako lile jeupe alirudishe." Nilikaa garini nikapiga usukani kwa furaha mpaka mkono ukaniuma.

Basi siku ikafika. Gari langu la buluu lilifungwa riboni, likafukizwa udi ndani mpaka nikapiga chafya. Mdogo wangu akatolewa amefunikwa, akaketi nyuma na somo wake. Shangazi aliligusa boneti akaliombea. Tarumbeta zikaanza, na sisi tukatoka Nguvumali kwa mwendo wa konokono, watu barabarani wanashangilia, mpiga video ananipungia mkono, na mimi nagusa, naachia, nagusa, naachia, hakuna mlio wowote zaidi ya vigelegele. Nilijisikia mtu mkubwa sana. Nilikuwa natazama mbele tu, nikihesabu hilo kuwa ushindi wangu, sikuwa nimefikiria kabisa mwisho wa safari.

Tukakata kona ya mwisho. Nyumba ya bwana harusi ikaonekana, mlango umefungwa vitambaa, wanawake wa upande wao wamejipanga na vyetezo vya udi, yeye mwenyewe amesimama katikati na kanzu yake na joho, anajaribu kutotabasamu sana. Nikaanza kusogeza mguu.

"Dada," sauti ikatoka chini ya mtandio, ndogo, ya zamani. "Usisimame kwanza."

Nikamtazama somo kwenye kioo. Kwa desturi bibi harusi hapitishwi mbele ya mlango wa mumewe bila kushuka. Nilijua atanikemea, na angekuwa na haki. Somo alimtazama mdogo wangu, akamshika mkono, kisha akageukia dirishani kama mtu asiyehusika.

"Pita," akasema.

Nikapita. Nilimwona bwana harusi akifungua mdomo. Gari la tarumbeta lilikuwa limeshasimama. Nikalizunguka, wapigaji wakatazamana, kisha wakadhani njia imebadilishwa, wakaja nyuma yetu wakipiga kwa nguvu zaidi. Msafara mzima ukafuata. Tukazunguka mtaa, tukapita barabara ya nyuma yenye maduka ya vitambaa, watoto wakikimbia pembeni. Mdogo wangu alinyoosha mkono wake wenye hina, akauweka begani kwangu. Hiyo barabara haijawahi kuwa fupi vile.

Nyumba ikaonekana tena. Mkono ukanibana bega.

"Sasa simama, dada."

Nimeuza breki miaka mingi, na kila ninayemuuzia namwombea jambo moja tu, zishike. Siku ile nilikanyaga polepole kuliko nilivyowahi kukanyaga, nikatamani zikatae. Zikashika, na somo akafungua mlango.