Hadithi Tuliyokataa Kuimaliza

Sipendi kuulizwa nilijifunza wapi kufundisha kusoma. Wenzangu hutaja vyuo. Mimi nilijifunza Mbaha, kando ya ziwa, kwa mwalimu ambaye hakuwa na cheti cha maana, na kila nikimkumbuka roho inaniuma.

Alikuwa mtu wa milimani, wa Kitura, mmoja wa wale waliomaliza darasa la saba wakapewa mafunzo kidogo na kukabidhiwa chaki. Walimu wa UPE, watu walikuwa wakiwaita hivyo kwa dharau, kana kwamba wao wenyewe walisomeshwa na malaika. Sisi alitukuta tunaongea Kinyasa. Kiswahili kilikuwa cha shule, cha kanisani na cha kwa mtendaji. Tulisoma kwa sauti kubwa na nzuri, wala hatukuelewa hata nusu.

Vitabu vilikuwa vichache, watoto tumekizunguka kimoja kama sahani ya ugali. Mwalimu alikata kipande cha boksi la sabuni, akawa anafunika nusu ya chini ya ukurasa. Tunasoma ya juu, kisha anauliza, "Haya, nini kitafuata?"

Mwanzoni tulimshangaa. Tutajuaje na yeye amefunika? Akacheka. "Wewe ukipita jikoni ukasikia chungu kinatokota, unangoja kuambiwa kuna chakula?" Basi tukaanza kukisia. Neno tusilolijua tuliliruka, tukashika yale tunayoyajua, tukabashiri, kisha boksi linashuka na tunaona nani kapatia. Ee, kelele zake! Sungura tulimtumbukiza kisimani, fisi tukamchoma moto, mwizi wa kahawa tukamkamatisha kabla mwandishi hajamkamata. Watoto waliokuwa wanasinzia wakaanza kugombania mstari wa mbele. Mimi nilikuwa wa kwanza kunyoosha mkono na wa mwisho kunyamaza.

Hizo zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ilikuwa imefika mpaka kwetu, na huko juu ushirika ulikuwa unayumba, wanunuzi binafsi wa kahawa wakija na mizani zao. Na shuleni nako likaja neno jipya: walimu wa aina yake wajiendeleze, asiyejiendeleza ajiandae kuondoka. Ili apate nafasi chuoni ilibidi mkaguzi kutoka Mbinga aje amwone akifundisha, amsemee vizuri. Mwalimu alitueleza wazi, kama mtu anayeongea na wadogo zake. "Watoto wangu, siku hiyo someni kama mnavyosoma kila siku. Mkisoma hivyo tu, mimi nimepona."

Tukaapa. Nani asingeapa?

Siku ya mkaguzi upepo ulikuwa umeanza alfajiri. Upepo wa kusini, ule unaotikisa mabati. Baba yangu alikuwa ameondoka usiku na karabai kutafuta usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na baba za wenzangu kadhaa pia, na mpaka kengele ya shule inagongwa hakuna mtumbwi uliokuwa umerudi. Nyumbani mama alikuwa amechemsha maji na kutwanga muhogo wake kimya. Kwetu mtu akiwa ziwani hasemwi. Huulizi mbona anachelewa, husemi upepo umekuwa mkali. Mdogo wangu aliwahi kuuliza, akala kofi kabla hajafunga mdomo. Maneno huumba. Ukilazimika kusema, unasema neno moja: atafika salama.

Mkaguzi akashuka kwenye Landrova, shati limenyooka, tukamwamkia kwa pamoja. Hakutaka hadithi za kitabu chetu, alisema huenda tumezikariri. Alikuja na yake, na kwa kuwa mwalimu alikuwa amemweleza mtindo wetu, akaiandika ubaoni nusu. Mvuvi mmoja alikuwa na mtumbwi wenye ufa. Mkewe akamwonya. Wingu jeusi likatanda. Mvuvi akamcheka mkewe, akaingia ziwani, mawimbi yakaanza kupanda.

Tukasoma vizuri, bila kukwama. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma, nikamwona anatabasamu, maana hadithi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko zake.

"Haya," mkaguzi akasema. "Nini kitafuata?"

Nje mabati yanagonga. Mimi, mwenye mdomo, nikanyoosha mkono. "Atafika salama."

Mkaguzi akakunja uso. "Mwingine?"

"Atafika salama."

"Hebu ngojeni. Mtumbwi una nini?"

"Una ufaa!" darasa zima.

"Na wingu?"

"Jeusii!"

"Basi nini kitampata mvuvi?"

"Atafika salamaa!"

Nilimwona mwalimu wangu akifuta uso kwa kiganja. Alijaribu kusaidia, akasema, "Fikirini, watoto wangu, kumbukeni chungu." Tukamwonea huruma. Mtu mzima na akili zake, anatutaka tutamke jambo lile na upepo ule! Tukasema tena, kwa sauti kubwa zaidi.

Ofisi ilikuwa na dirisha lisilo na kioo. Tulimsikia mkaguzi akisema, "Mwalimu, hawa hawajui kusoma. Wanajua kutamka." Na mwalimu wetu akajibu, "Jana waliweza, mzee. Nakuapia, jana waliweza." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba.

Alirudi darasani, hakutugusa hata kwa fimbo. "Nendeni nyumbani," akasema. Tukakimbilia ufukweni, na mitumbwi ilikuwa inaingia mmoja mmoja, na baba yangu alikuwemo, amelowa chapachapa, anatukana upepo. Siku ile nilijiona nimefanya kazi kubwa. Sote tulijiona hivyo. Hakuna aliyekwenda kumweleza mwalimu, maana tulidhani anajua. Kitu kama kile, nani asiyekijua? Hatukufikiria kwamba Kitura hakuna ziwa.

Muhula uliofuata hatukumkuta. Jina lake halikupelekwa chuoni, akarudi kwao. Aliyekuja baada yake alitusomesha kwa kuimba, boksi likatupwa.

Mimi nikasoma, nikapata cheti kile alichokitaka yeye. Nikamkuta mwenyewe siku moja Mbinga mjini, kwenye ghala la mnunuzi wa kahawa, anashona midomo ya magunia. Nywele zimekuwa nyeupe. Nikamwamkia shikamoo, nikajitambulisha, akanikumbuka kwa lile domo langu. Nilipomwambia nafundisha kusoma, akainama juu ya sindano yake.

"Usije ukafanya mambo yangu yale ya kukisia," akasema. "Niliwapotezea muda. Nilijidanganya kuwa mnaelewa."

Jamani. Miaka yote hiyo alikuwa anatembea na hilo kifuani.

"Mwalimu," nikasema, "siku ile baba zetu walikuwa ziwani. Kwetu hatusemi. Ule mtumbwi tulijua utazama. Tulijua tangu mstari wa kwanza, kwenye ufa."

Akaacha kushona. "Mlijua?"

"Tulijua."

"Wote?"

"Wote, mwalimu. Ulitufundisha vizuri mno."

Akakaa juu ya gunia, akanitazama mpaka nikatamani kuangalia pembeni.

"Mwanangu," akasema, "sasa ndio unaniambia?"