Pikipiki ya Afande

Enzi za wakimbizi nilikuwa bwana mifugo Ngara, na kwa miaka mingi nilitibu ng'ombe kwa baiskeli. Yaani nilifika wakati wenyewe wameshaanza kugawana nyama. Basi siku polisi walipouza mali chakavu kwa mnada kule Biharamulo, nikanunua pikipiki ambayo hata mnadi aliona haya kuisifia. Kiti kilikuwa kimechanika, rangi imepauka, lakini injini ilinguruma hadi kifua kikatetemeka. Nilirudi nayo nikitabasamu peke yangu njia nzima, meno yamejaa vumbi.

Nilichosahau ni kwamba mlio ule ulikuwa unajulikana. Askari walikuwa wakiitumia kuwasaka wapika gongo na wakimbizi waliotoka kambi ya Lukole bila kibali. Niliipaka kijani, lakini mlio haupakwi rangi. Nikiingia kijijini nakuta chungu kinachemka jikoni, watu hakuna. Kule kijiji cha Bukiriro, mzee wa rika la baba yangu aliniwahi kwa shikamoo, mikono nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi moja mkulima wa Ntobeye akanitumia mtu: ng'ombe wake, naye alikuwa na huyo huyo mmoja tu, ameshindwa kuzaa tangu alfajiri. Nikawasha, nikaenda mbio, nikijisifu moyoni kwamba leo nitawahi. Nikafika. Ng'ombe amelala ubavu anakoroma, kwato moja imetokeza, na nyumba nzima imekimbilia migombani.

"Njooni mnisaidie!" nilipiga kelele. Nani ajitokeze kwa kuitwa na mwenye pikipiki ile?

Nikavua shati, nikajipaka sabuni, nikautafuta mguu wa pili uliokuwa umejikunja ndani. Nikaunyoosha, nikavuta. Ndama hakusogea. Kazi ile ni ya watu wawili, na wa pili nilikuwa nimemfukuza mwenyewe kwa fedha yangu. Niliitukana pikipiki kwa Kihangaza, maana Kiswahili hakikutosha.

Mara majani ya migomba yakatikisika, akatoka mama mmoja, matope hadi magotini. Alikuwa mkimbizi aliyekuja kufanya kibarua cha palizi, na kibali hana. Nilijua kwa jinsi alivyoitazama pikipiki kwanza, kisha mimi, kisha ng'ombe.

"Utanifunga baadaye, afande," alisema. "Weye shika mguu ule, mie nashika huu. Usivute! Ngoja mpaka asukume."

Nikangoja. Aliposema tuvute, tukavuta, na ndama akateleza hadi mapajani mwetu, jike, mzito, hapumui. Yule mama akamtoa ute puani kwa vidole, akamtekenya kwa unyasi. Ndama akapiga chafya. Nilifurahi nikacheka kama mlevi, na mwenye ng'ombe naye akaanza kuchungulia.

Mama akanawa mikono, akafunga kitenge chake vizuri, akaenda kusimama kando ya pikipiki.

"Haya, afande. Twende."

Alikuwa amejitoa ili ng'ombe wa mtu mwingine asife, na sasa alikuwa tayari kulipia. Nikamwambia mimi si afande. Mimi ni bwana mifugo, pikipiki nimeinunua tu.

Akanitazama toka juu hadi chini, nilivyoloa hadi kwenye viwiko.

"Bwana mifugo?" akasema. "Na ndivyo unavyovuta?"