Riyali Kumi za Kumtunza Mwigizaji

Mimi na taarabu ni chanda na pete, na hilo nusura linifukuzishe kazi.

Nilikuwa nasafisha vyumba katika hoteli moja pale Al Sadd, enzi ambazo Doha ilikuwa inachimbwa kila upande, akafikia kwetu mwigizaji kutoka Uskoti. Mtu mzima, nywele nyeupe, Kiingereza cha kukwaruza. Furaha niliyokuwa nayo, hata shuka nilitandika upande! Nilikwisha kumwona kwenye filamu za televisheni nyumbani Tanga, siku zote ni bibi anayekufa mapema. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akakaa kitandani.

Akanihadithia kwamba ujanani alizunguka vijiji vya kwao na kundi la maigizo, wakicheza kwenye kumbi za makanisa, baadaye majumba makubwa ya mjini, kisha filamu. Sasa maneno yameanza kumkimbia. Mara ya mwisho kupanda jukwaani kwao alikwama katikati, watu wakatoka. Huku amekuja na mchezo wa peke yake, jioni moja tu, katika ukumbi wetu wa hoteli. Akikwama tena, basi, anaiacha kazi.

Nikalibeba jambo lile kama la mama yangu mzazi. Tiketi hazikuwa zinakwenda, kwa hiyo meneja aliruhusu wafanyakazi tulio mapumzikoni tukae nyuma na wageni wetu. Nikaenda Najma, nilikopanga na wenzangu, nikawaamuru wavae. Shoga yangu wa Unguja akauliza kama kuna harusi. Nikamwambia kuna mtu mzima anatafuta riziki yake, twende tukamjazie viti. Tukajifukiza udi, tukaingia ukumbini tunanukia.

Mchezo wenyewe ulikuwa wa mjane anayekunja mashati ya marehemu mumewe, huku akimsuta kwa yote aliyomtenda. Alimsuta yule mama, jamani! Kila shati na kijembe chake. Mimi kila neno lilinipata, maana wangu niliyemwacha Tanga alikuwa ameshaleta mwanamke mwingine kwenye kitanda nilichonunua mwenyewe.

Akashika shati la buluu, akanyamaza. Sasa kwetu kwenye taarabu, mwimbaji akishatoa neno zito akanyamaza, anakupa nafasi. Aliyepatwa ainuke akamtunze, na mimi nilikuwa nimepatwa. Nikachomoa noti ya riyali kumi, nikainuka, nikateremka na njia ya katikati kwa madaha, mabega yanacheza, shoga yangu yuko nyuma anapiga vigelegele. Wazungu wakageuka. Meneja akashika kichwa. Sikumjali, nikapanda jukwaani, nikaipachika noti begani, kwenye pini ya gauni lake, nikarudi zangu polepole.

Alinitazama, machozi yanamlenga. Kisha akaligeukia lile shati.

“Umeona?” akaliambia. “Hata majirani wanajua ulivyonifanya.”

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kuanzia hapo maneno yakamtoka kama maji kwenye bomba lililozibuliwa, mpaka shati la mwisho, na watu walipiga makofi wamesimama.

Meneja alikuwa ananisubiri mlangoni anifukuze kazi, lakini yule mama akaniwahi, akanivuta chumba cha kubadilishia nguo. Akanieleza kwamba pale kwenye shati la buluu alikuwa amekwama kabisa, hana neno hata moja, na alipoona tumeinuka alijua yamekwisha.

“Kwetu mtu akiinuka katikati ya mchezo anaelekea mlangoni,” aliniambia. “Wewe ulikuja kwangu.”



Asubuhi, meneja akiwa ameshapoa, nikaenda kusafisha chumba chake. Nikagonga, nikafungua. Gauni limetundikwa kwenye kabati, noti yangu ipo palepale begani. Mwenyewe kasimama mbele ya kioo, mkononi ana karatasi za mchezo mwingine kabisa, anarudia maneno kwa sauti. Bila kugeuka akanipungia mkono: nirudi baadaye, yuko kazini.